Nafuu ya Moyo

Stesheni ya King's Cross siku ya Ijumaa jioni si mahali pa kupasukiwa na mfuko. Treni za kaskazini zilikuwa zimechelewa, watu wamejaa hadi milangoni, kila mtu shingo juu akitazama ubao wa matangazo, na hapohapo katikati ya ukumbi zipu ya mfuko wa Bryony Askew ikaachia. Mipira ya manjano ikamwagika kama malimau sokoni. Mmoja uligonga kiatu cha polisi, mwingine ukajificha chini ya sanduku la mtalii, mingine ikajiendea zake kuelekea ngazi za treni za chini ya ardhi.

"Jamani, msikanyage! Tafadhali, msikanyage!"

Alipiga magoti bila kujali koti lake la sufu la rangi ya zambarau lililokuwa likifagia sakafu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye mabega ya mtu anayefanya kazi kwa mikono, na nywele za rangi ya shaba zilizofungwa kisogoni kwa utepe mweupe wa pamba. Utepe huo haukuwa wa kujirembea. Ni ule unaozungushiwa kiini cha mpira kabla ya kuuvika kitambaa. Asubuhi aliukosa wa kufungia nywele, akachukua uliokuwa karibu.

"Dada, huu ni wako?"

Aliinua macho. Kijana mmoja mrefu, masikio mekundu kwa baridi, koti lake jepesi utadhani limenunuliwa kwa ajili ya nchi nyingine, alikuwa ameshika mpira mmoja.

"Ni wangu. Na ule ulio karibu na mguu wa yule bwana mwenye baiskeli pia ni wangu. Kama unasaidia, saidia."

Yule kijana hakuondoka. Aliuminya mpira, akautupa juu kidogo, akaudaka, akausogeza karibu na jicho.

"Nani kaushona?"

"Unauliza ya nini?"

"Mshono umekwenda kinyume. Aliyeushona anatumia mkono wa kushoto."

Bryony alisimama taratibu. London nzima ungeweza kuuliza watu elfu na asipatikane hata mmoja wa kujua kwamba mpira ule umeshonwa kwa mkono, sembuse mkono upi.

"Wewe ni nani?"

Kijana akamwonyesha ncha za vidole vyake. Zilikuwa na vijitundu vya sindano, kama za kwake.

"Fergus Treloar. Wa Hobart."

"Ahaa! Wewe ndiye yule wa Tasmania aliyeazimwa na klabu ya ng'ambo ya mto!"

"Aliyeazimwa? Kama ngazi?"

"Kama mwavuli. Huku mvua nyingi."

Fergus alicheka, kicheko cha wazi kilichofanya watu wawili watatu wageuke. Akapiga magoti na yeye, wakaokota mipira pamoja hadi chini ya viti, na treni ya Bryony ikaja ikaondoka bila yeye.

* * *

Walikuwa wa kazi moja. Tenisi ya kale si ile inayoonyeshwa kwenye televisheni kila Julai. Inachezwa ndani ya kuta nne, chini ya paa, na pembeni mwa uwanja kuna vijipaa vya mbao ambavyo mpira huviringika juu yake kabla haujaanguka mchezoni. Raketi zake zimepinda shingo. Viwanja vyake duniani ni vichache kiasi kwamba wanaoishi kwa mchezo huo wanajuana kwa majina, na wanafanya kila kitu wenyewe: kufundisha, kufunga nyuzi za raketi, kuamua mechi, kushona mipira.

Bryony alikuwa mchezaji wa kulipwa wa klabu ya Thorne Street, msaidizi wa Mzee Alban Pryce, ambaye alikuwa ameshika funguo za uwanja ule tangu Bryony hajazaliwa. Mzee alikuwa anastaafu. Kamati ya klabu ilikuwa inatafuta mrithi, na kila mtu alijua jina lililosubiri mlangoni. Ila kamati, kama kamati zote, ilikuwa inakunakuna kichwa. Mwanamke hajawahi kushika uwanja ule.

Majira yale ya baridi simu ya Bryony haikupumzika.

"Umekula?"

"Fergus, hii ni saa nne asubuhi. Nina mwanafunzi uwanjani."

"Sijauliza una mwanafunzi. Nimeuliza umekula."

"Nimekula mkate wa siagi. Umeridhika?"

"Bado. Jioni nakuletea pai. Ya nyama na figo, ya yule mama wa Borough."

"Unataka ninenepe nisiweze kukimbia?"

"Nataka unenepe nipate nafasi ya kukushinda kwa raha, mpenzi."

"We mtu wa kisiwani wewe, unajisifu sana."

"Na wewe unapenda kusikia. Ungekuwa hupendi ungekata simu."

Bryony akakata simu. Nusu dakika baadaye akapiga mwenyewe.

Jumapili walitembea kando ya mto wakiwa wamejifunga skafu moja. Fergus alimnunulia glavu za ngozi nyekundu, Bryony akamfumia sweta la kijivu lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, naye akalivaa hadharani bila aibu. Walicheza pamoja uwanja ukiwa mtupu, wakatukanana kwa mapenzi, wakabusiana kando ya wavu. Jambo moja tu hawakulitaja. Machi ingefika, mkataba wa Fergus ungekwisha, na ndege ingempeleka Hobart.

* * *

Machi ikafika, na pamoja nayo Kombe la Thorne Street la wachezaji wa kulipwa. Ni mashindano ya nafuu: mchezaji wa kiwango cha juu huanza kila gemu akiwa amekatwa pointi, wa kiwango cha chini huanza akiwa na pointi mkononi, ili wote wakutane sawa. Ndiyo maana mwanamke na mwanamume hupangwa pamoja humo, na hakuna anayeshangaa. Kinachoshangaza ni mwanamke kufika mbali. Bryony alimtoa mtu wa Bordeaux, akamtoa kijana machachari wa Newport aliyedhani amepewa mapumziko, na Jumamosi ya nusu fainali ubaoni pakaandikwa: Askew na Treloar.

"Tusiongee mpaka iishe," alisema Bryony kwenye simu asubuhi ile.

"Hata neno tamu moja?"

"Hata nusu."

"Basi nakutakia kipigo chema, kipenzi."

"Na wewe hivyohivyo, laazizi."

Nyuma ya nyavu za watazamaji watu walikaa wamebanana, wanakamati mbele na tai zao za mistari. Mzee Pryce, aliyekuwa mwamuzi, alivaa koti lake la buluu lililofifia. Bryony aliingia na sketi nyeupe na sweta la pamba, nywele zimebanwa kabisa. Fergus na suruali yake nyeupe iliyopauka magotini. Walipeana mikono kama wasiojuana.

Seti ya kwanza alichukua Fergus, sita nne. Ya pili akachukua Bryony, sita tatu. Ya tatu ikawa vita. Wakafika tano tano, na katika mchezo huu hakuna kuongeza: gemu moja inaamua. Pale gemuni wakafika arobaini kwa thelathini, Bryony akiongoza, Fergus akiwa upande wa kuanzisha mpira.

Hapa lazima nieleze kitu kimoja. Katika tenisi ya kale, upande ule wa kuanzisha, mpira ukidunda mara mbili pointi haifi papo hapo. Mwamuzi hutazama umedunda wapi mara ya pili, akatangaza windo kwa yadi kutoka ukuta wa nyuma. Wachezaji hubadilishana pande, na aliyeuachia mpira ndiye sasa anayetakiwa kupeleka wake karibu zaidi na ukuta wa nyuma kuliko ule. Kwa hiyo mchezaji mwerevu wakati mwingine huuachia mpira kwa makusudi. Akiona utagonga ukuta na kuruka mbali, anauacha uende, maana windo la mbali ni rahisi kulipiku. Lakini akiuachia ukafia ukutani, amejimaliza.

Fergus alianzisha. Mpira ukaviringika juu ya kijipaa cha mbao, ukaanguka, Bryony akaukata kwa mkono wake wa kushoto, raketi ikipita chini yake kama kisu kinavyopita chini ya mkate. Ukaenda chinichini, juu kidogo ya wavu, kuelekea kona. Fergus alikuwa tayari yuko pale. Alikuwa na muda. Aliinua raketi, akautazama, kisha akaishusha. Akauachia.

Mpira ulidunda, ukagusa ukuta, ukafa. Haukurudi hata shubiri.

"Windo!" aliita Mzee Pryce, na sauti yake kavu ikapanda. "Bora kuliko nusu yadi!"

Watazamaji walivuta pumzi kwa pamoja. Na Fergus Treloar, katikati ya uwanja, mechi ikimponyoka, akacheka. Alicheka kichwa kikiwa nyuma, kama alivyocheka stesheni.

Wakabadilishana pande. Fergus alijaribu kulipiku windo lile. Mpira wake ukagonga ukuta ukarudi yadi nzima. Bryony aliuacha upite. "Gemu, seti na mechi, Askew!" Kelele za pongezi zikajaa hadi darini. Mwanamke wa kwanza kufika fainali ya Thorne Street alisimama na raketi yake, na badala ya furaha, kilichokuwa kikimrudia kichwani ni kile kicheko.

Piers Lathom ndiye aliyekipa kicheko hicho jina. Alikuwa bingwa wa mwaka uliopita, mtu mwenye mashavu ya waridi na ulimi usio na breki, na ndiye aliyekuwa akimsubiri fainalini. Alimkuta Bryony kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, mbele ya wanakamati wawili.

"Hongera, Bry. Umepata nafuu mbili leo. Moja ya kwenye orodha, nyingine ya moyo."

"Una maana gani?"

"Mpira ule angeupiga hata shangazi yangu. Lakini kijana ana mapenzi, tutamlaumu? Kesho usitegemee. Mimi sikupendi kiasi hicho."

Wanakamati walicheka kidogo, kisha wakaacha. Kuacha kwao kulimuuma Bryony kuliko kucheka kwao.

Fergus alimkuta kwenye chumba cha kushonea mipira, amekaa juu ya meza, bado na jasho.

"Bingwa wangu! Njoo nikubusu."

"Ulicheka."

"Nini?"

"Umepoteza nusu fainali, na umecheka. Niambie ukweli, Fergus. Uliniachia?"

Rangi ilimtoka usoni. "Rudia."

"Uliniachia ule mpira? Kwa ajili yangu? Kwa ajili ya kamati?"

"Unajua mchezaji wa kulipwa anayeachia mechi anaitwaje?"

"Sijauliza anaitwaje. Nimeuliza kama uliniachia."

"Mpira umeupiga wewe, Bryony. Kama wewe mwenyewe huujui mpira wako, mimi sina la kukwambia."

"Hilo si jibu."

"Ndilo pekee utakalopata."

Alichukua lile sweta la kijivu kutoka msumarini, akalitazama mikono yake isiyolingana, akalitupia begani na kutoka. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mzee Pryce aliingia na vikombe viwili vya chai, akamkuta ameinamisha kichwa.

"Mzee, wewe ulikuwa mwamuzi. Uliona nini?"

"Niliona mpira ukidunda pale ulipodunda, binti. Kazi yangu kutazama mpira. Sikuwa nikitazama uso wa bwana wako."

"Piers anasema…"

"Piers anasema tangu akiwa na meno ya utoto. Kunywa chai."

Jioni ile Bryony alishika simu, akatafuta jina, akaiweka chini. Ng'ambo ya mto kuna mtu alifanya vilevile. Wote wawili walikuwa na kiburi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

* * *

Jumapili, fainali. Nyuma ya nyavu hapakuwa na pa kuweka mguu. Bryony alipekua sura zote kwa jicho moja: hakuna masikio mekundu.

Lathom alianza kwa fujo. Alipiga mpira kwa nguvu hadi mbao zikalia, akachukua seti ya kwanza sita tatu, akawa anapanguza uso kwa taulo huku anatabasamu kwa watazamaji. Bryony alicheza kama mtu anayesikilizia kitu kingine. Kila alipopiga vizuri, moyo wake uliuliza, huyu naye ameniachia? Mtu hawezi kucheza hivyo.

"Binti," Mzee Pryce alimnong'oneza walipokuwa wakibadilishana pande, jambo ambalo mwamuzi haruhusiwi kulifanya. "Uko hapa au uko Hobart?"

Kwa hasira tu, akarudi mchezoni. Alimkimbiza Lathom kona hadi kona. Tano tano, seti ya pili. Arobaini kwa thelathini, pointi ya gemu yake, Lathom akianzisha. Mpira ukaviringika juu ya kijipaa, ukaanguka. Bryony hakufikiri. Mkono wa kushoto ulipita chini yake, ukaukata, ukaenda chinichini kuelekea kona.

Lathom alikuwa tayari yuko pale. Alikuwa na muda. Aliinua raketi, akautazama, akaishusha.

Mpira ulidunda, ukagusa ukuta, ukafa.

"Windo! Bora kuliko nusu yadi!"

"Mungu wangu!" Lathom alijipiga paja. "Nilidhani utapaa! Naapa, nilidhani utapaa!"

Bryony alisimama pale pale. Piers Lathom, ambaye hajawahi kumwachia mtu hata nafasi ya kiti kwenye treni, alikuwa ameuachia mpira ule kwa sababu macho yake yalimdanganya. Ulikuwa umekatwa vizuri mno. Ulionekana utapanda, nao ukazama. Ulikuwa mpira wake yeye, Bryony, na hakuna aliyempa.

Joto lilimpanda kutoka miguuni. Lilikuwa furaha na aibu kwa pamoja, na vyote viwili vilitaka kumfanya apige kelele. Akavuka kwenda upande wa pili, akamwona Lathom akishindwa kulipiku windo lile, akachukua seti sita tano.

Seti ya tatu alicheza kama hajawahi. Alipiga mipira iliyowainua watazamaji vitini. Lakini Lathom alikuwa bingwa kweli, alijipanga, akazidi nguvu mwishoni, akachukua sita nne. Fainali ilikuwa yake. Makofi, ajabu, yalikuwa ya wote wawili.

Walipokutana kwenye wavu Lathom alikuwa anahema.

"Umenitoa roho, Bry. Na lile neno la jana… lilikuwa la kijinga. Nalirudisha."

"Ulilisema mbele za watu."

"Sasa?"

"Lirudishe mbele za watu."

Lathom alimtazama aone kama anatania. Hakuwa akitania. Basi yule bwana, na kombe lake likimsubiri, akageukia nyavu za watazamaji, mashavu yamezidi kuwa ya waridi.

"Mabibi na mabwana! Jana nilisema mpira wa mwisho wa nusu fainali ulikuwa zawadi. Leo nimeletewa mimi mwenyewe, mmeona ulichonifanya. Treloar hakuachia kitu. Huyu mama alimpiga!"

Vicheko na vifijo. Hata wanakamati walipiga sakafu kwa miguu.

Mzee Pryce alishuka kutoka mahali pake. "Kamati inakutaka chumbani kwao, binti. Sasa hivi. Nafikiri ni habari njema."

"Waambie nitakuja kesho, mzee."

"Kesho? Kamati haijawahi kusubiri mtu."

"Itajifunza," alisema Bryony, na alikuwa tayari anavaa koti la zambarau juu ya nguo zake za mchezo.

* * *

Alimpigia simu akiwa barabarani, upepo ukimvuruga nywele.

"Uko wapi?"

"Nafua. Duka la kufulia, Hammersmith, karibu na kinyozi. Kwa nini?"

"Usiondoke."

"Siwezi kuondoka. Suruali zangu zote ziko ndani ya mashine."

Lilikuwa duka jembamba lenye joto na harufu ya sabuni, mashine zikizunguka ukuta mzima. Fergus alikuwa ameketi kwenye benchi amevaa kaptula ya kuogelea na lile sweta la kijivu. Mwisho wa benchi bibi mmoja mwenye kofia ya uzi alikuwa anakunja mashuka.

"Umeshinda?" aliuliza Fergus bila kusimama.

"Nimeshindwa. Seti ya tatu, sita nne."

"Nne." Hakuweza kujizuia. "Umempa shida huyo."

"Fergus, Piers ameuachia. Mpira uleule, kona ileile. Ameinua raketi akaishusha, na mpira ukafa. Akaapa alidhani utapaa."

Mashine ilizunguka. Fergus alitazama magoti yake.

"Kwa hiyo umemwamini Piers Lathom. Mimi hukuniamini."

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Akaketi kando yake, glavu nyekundu mapajani.

"Ndiyo," alisema. "Na sina pa kujificha. Miaka yote nasikia nafuu, nafuu, Bryony ana nafuu. Nikimfunga mtu, kuna aliyenihurumia. Nilijua mkono wangu unaweza, Fergus, ila sikuamini kwamba unaweza mbele yako. Mtu akanitajia zawadi, nikaona ndiyo, lazima ni zawadi. Nisamehe. Nilikuita mdanganyifu, na wewe si mdanganyifu."

"Unajua kwa nini nilicheka?"

"Kwa nini?"

"Nimeshika raketi tangu sijafika kimo cha wavu. Baba yangu ni mchezaji, babu yangu alikuwa mchezaji. Sijawahi kupigwa mpira kama ule. Ulipofia pale ukutani nikajisemea, hee, huyo ndiye wangu. Nilijivuna, Bry! Nimefungwa na ninajivuna, mwehu gani huyo? Halafu ukaja na uso ule."

Bryony aliziba mdomo kwa glavu. Machozi na kicheko vilikuwa vinagombania njia.

"Nisamehe, mpenzi."

"Sema tena."

"Usizidishe."

"Mara moja tu."

"Nisamehe, mpenzi wangu wa kisiwani, mwenye kaptula ya kuogelea mwezi wa Machi."

Fergus akamshika mkono, akambusu ncha za vidole, pale penye vijitundu vya sindano.

"Sasa sema na wewe," alisema Bryony.

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Ulinipiga."

"Sikusikia."

"Ulinipiga!" alisema Fergus kwa sauti iliyoishinda mashine. "Kwa haki, bila huruma, ulinipiga!"

Bibi wa mashuka aliacha kukunja.

"Kakupiga? Mwanamke huyu?"

"Ndiyo, bibi. Jana, mbele ya umati."

"Makubwa! Na watu wakakaa wanatazama?"

"Walipiga makofi."

"Na wewe hapo unamshika mkono unamchekea?"

"Bibi, ningependa kumwoa kama atakubali." Alimgeukia Bryony, na safari hii mzaha ulikuwa umeondoka machoni. "Jumanne naondoka, hilo siwezi kulibadili. Hobart wananidai msimu mmoja. Lakini naweza kurudi mwezi wa kumi, na nikirudi sitaki kurudi kama mwavuli wa kuazima. Bryony Askew, utakubali?"

Simu ya Bryony ikalia. Alitazama jina: Mzee Pryce. Akaipokea bila kuachia ule mkono.

"Binti, nimeshindwa kungoja kesho, na wao pia. Wamekubali wote. Uwanja ni wako. Unanisikia? Wako!"

"Nakusikia, mzee. Waambie asante. Waambie na hili pia: nitahitaji msaidizi kuanzia mwezi wa kumi, na nimeshampata."

Alipoishusha simu Fergus alikuwa amekunja uso.

"Msaidizi? Yaani nitakuwa chini yako?"

"Ulishakuwa chini yangu tangu jana, laazizi. Umati mzima umeona."

"Hilo ni ndiyo?"

"Ndiyo. Ndiyo, na ndiyo nyingine ya akiba kwa ajili ya Jumanne, maana najua nitalia."

Wakabusiana hapo kwenye benchi, yeye na jasho la fainali, mwenzake na kaptula, mpaka mashine ikasimama na suruali zikaangukiana ndani ya kioo. Bibi aliweka shuka lake la mwisho kikapuni, akajifunga skafu, akawatazama wote wawili kwa muda, akatikisa kichwa.

"Haya, mwanangu," akamwambia Fergus akiwa mlangoni. "Mchukue upesi, kabla hajakupiga tena."

"Nitampiga tena, bibi," alisema Bryony. "Mwezi wa kumi, akirudi."